Kijiwe hiki kinajuaje habari za nguzo yangu?

Mashine ya kubana zege ilifika kilonyutoni 612, ikatoa mlio mfupi kama wa muwa unaovunjwa gotini, na sindano ikarudi sifuri. Nikafungua kilango, nikafagia vumbi kwa brashi, nikakitoa kijiwe. Kilikuwa na umbo lile lile ambalo nimelitoa humo mara zisizohesabika: mbavu zimebanduka pande zote nne, kiuno kimekuwa chembamba, juu na chini pamebaki papana.

Nikaandika kwenye fomu. Umri wa zege: siku 28. Nguvu kwa kila eneo: megapaskali 27.2. Ilitakiwa 25.

Imepita.

Mwenye jengo alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na tangi la maji tunamolaza kyubu za zege, yaani vile vijiwe vya kupimwa. Wenye majengo huwa hawaji maabara. Humtuma fundi, na fundi humtuma mtu wa boda. Huyu alikuwa ametoka Kayole mwenyewe, amebadilisha matatu mbili hadi Industrial Area, amevaa koti la suti na akala.

"Kwa hiyo jengo langu liko salama, binti?"

"Kyubu imepita, mzee wangu."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza habari za jengo."

Nikamweleza kama tulivyofundishwa: zege lililo ndani ya kyubu ndilo lililo ndani ya nguzo, limechotwa kwenye mchanganyiko mmoja, kwa hiyo nguvu ya hili ni dalili ya nguvu ya lile. Aliniacha nimalize. Kisha akaokota kipande kilichobanduka, akakigeuzageuza kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Kijiwe hiki kinajuaje habari za nguzo yangu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

## Kijiti cha Mui

Mzee ni Mkamba wa Mui, kule Kitui, na mtu wa Mui hakosi hadithi ya makaa ya mawe. Akanipa yake huku nikimpigia ripoti muhuri.

"Walikuja na mtambo wa kutoboa, wakatoboa karibu na boma la shemeji yangu. Wakatoa kijiti cheusi, wakakikatakata, wakakipanga kwenye sanduku. Unene wake kama mkono wangu hapa. Wakatuambia chini yetu kuna makaa ya watoto na wajukuu. Wao kwa kijiti wakajua yaliyo chini ya bonde zima, wewe kwa kijiwe umelijua jengo. Mna macho nyinyi watu."

Akakunja ripoti mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaenda zake.

Hiyo ni wiki tano zilizopita. Siku mbili za kwanza nilikuwa nimeudhika tu. Wiki ya pili nikaanza kusoma usiku, na sikusoma habari za zege, maana hizo nilijiona nazijua. Nilisoma habari za makaa ya mawe, kwa sababu ya kile kijiti. Nilitaka kujua: siku wakichimba chini ya ardhi, si shimo la wazi, kitu gani kitashikilia dari juu ya vichwa vya watu?

Jibu lilinishangaza kwa urahisi wake. Makaa yenyewe.

Wachimbaji hukata njia ndani ya tabaka la makaa, njia nyingine zikizikata hizo, mpaka ramani ya mgodi inafanana na mitaa ya Eastleigh: barabara na vitalu. Vitalu ndivyo nguzo. Ni makaa yaliyoachwa bila kuchimbwa ili yabebe mwamba ulio juu. Kila nguzo unayoiacha ni pesa umeiacha chini, na kila nguzo unayoikata nyembamba ni pesa umeichukua.

Ukishaelewa hapo, swali la mzee wa Kayole linarudi likiwa na meno. Nguzo ya makaa yenye upana wa mita 12 utaipimaje? Hakuna mashine duniani ya kuibana.

## Kijiwe kikikua, hudhoofika

Njia ya kwanza ni ile ninayoifanya mimi kila siku. Unachonga kijiwe cha makaa, unakibana, unaandika namba, unasema nguzo nayo itakuwa hivyo.

Haiwi hivyo, wala haikaribii.

Makaa yana nyufa za kuzaliwa, nyembamba, zimejipanga kama kurasa. Kijiwe kidogo kinaweza kubahatika kuzikwepa. Kikubwa hakina pa kukwepea. Miaka ya 1960 huko Witbank, Afrika Kusini, mtafiti Bieniawski na wenzake walichonga vipande vikubwa vya makaa humo humo mgodini, bila kuving'oa sakafuni, wakavibana kwa jeki za maji. Walichokiona ni kwamba kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo nguvu yake kwa kila eneo inavyopungua, mpaka ubavu ukafika kama mita 1.5. Kuanzia hapo nguvu ikatulia.

Kwa hiyo kijiwe cha maabara kinasifia mno. Hilo nililipokea bila shida, zege nalo lina tabia kama hiyo kwa kiasi chake.

Kilichonikera ni cha pili, kwa sababu nilikuwa nimekishika mkononi miaka yote hii. Kile kiuno chembamba! Kyubu haibanduki juu na chini kwa sababu sahani za chuma za mashine zinaishika kwa msuguano, haziipi nafasi ya kutanuka. Mashine inaiponda na papo hapo inaikumbatia. Lichukue zege lile lile, ulimimine kwenye silinda ambayo kimo chake ni mara mbili ya upana wake, nalo litavunjika kwenye kama asilimia 80 ya nguvu ya kyubu. Ni zege lile lile. Kilichobadilika ni umbo.

Na hivyo ndivyo nguzo ya mgodini inavyofanya kazi. Dari na sakafu ndizo sahani zake. Nguzo fupi na pana ina kiini kilichokumbatiwa. Kingo zinaweza kumeguka, kiini kikaendelea kubeba. Nguzo ndefu na nyembamba haina kiini, ni kingo tupu. Tena sakafu ikiwa ya udongo laini na maji yakaingia, nguzo yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa ikazama kama mguu wa kiti kwenye shamba lililonyeshewa.

Nguzo za mzee ni milimita 200 kwa 200, kimo karibu mita tatu. Mimi nilimpa namba ya kitu chenye umbo la boksi la chai.

(Wahandisi mtaniandikia kwamba chuma kilicho ndani ya nguzo na mahesabu ya usanifu yanalizingatia hilo. Najua. Yanalizingatia kwenye karatasi ya mhandisi, pale alipokuwepo mhandisi.)

## Januari 1960

Kabla ya mwaka huo, upana wa nguzo katika migodi ya makaa ya Afrika Kusini uliamuliwa kwa mazoea. Mgodi fulani uliacha kiasi hiki na haukuanguka, basi na sisi tuache kiasi hiki, au kidogo pungufu.

Mgodi wa Coalbrook ulikuwa Free State, kusini ya mto Vaal, njia zake zikiwa kama mita 180 chini. Baadhi ya sehemu walikuwa wamerudi kukata makaa waliyoyaacha darini. Ukikata makaa ya darini, upana wa nguzo haubadiliki hata kidogo, kwa hiyo kwenye ramani hakuna kilichotokea. Kinachoongezeka ni kimo.

Tarehe 28 Desemba 1959 sehemu moja iliporomoka. Kazi ikaendelea.

Tarehe 21 Januari 1960, siku 24 baadaye, nguzo zilianza kuanguka tena, na safari hii hazikuacha. Nguzo moja ikisalimu amri, mzigo wake haupotei. Unahamia kwa jirani zake, nao walikuwa tayari wamebeba cha kuwatosha. Kwa jioni moja zilianguka mamia kwa mamia. Wachimbaji 435 walibaki chini, wengi wao wakiwa wametoka Lesotho na Msumbiji. Watu walitoboa visima kutoka juu wakiteremsha vipaza sauti, wakisikiliza. Hawakusikia kitu. Miili haikutolewa hadi leo.

Nilipofika hapo niliifunga kompyuta, nikaenda kusimama kwenye balkoni. Chini yangu kulikuwa na ghorofa nne, juu yangu tatu.

## 98 na 27

Baada ya Coalbrook utafiti ulianzishwa, na mwaka 1967 watafiti Miklos Salamon na A. H. Munro walitoa hesabu ambayo bado inatumika na kubishaniwa. Nilitarajia kukuta maabara kubwa nyuma yake, mashine ya ajabu, au fizikia nzito.

Sivyo walivyofanya.

Waliacha kubana vijiwe, wakaenda kuhesabu. Walikusanya habari za maeneo 125 ya migodi: 98 ambako nguzo zilikuwa zimesimama, na 27 ambako zilikuwa zimeanguka. Kwa kila moja walitaka upana wa nguzo, kimo chake, upana wa njia na kina kutoka juu. Kisha wakauliza, kwa njia ya takwimu: ni kanuni gani ya nguvu ambayo ingezitenganisha hizi 27 na zile 98 vizuri kuliko kanuni nyingine yoyote?

Kanuni iliyotoka ni hii. Chukua 7.2. Zidisha kwa upana wa nguzo kwa mita, uliopandishwa kipeo cha 0.46. Gawanya kwa kimo kilichopandishwa kipeo cha 0.66. Unapata nguvu ya nguzo kwa megapaskali.

Ile 7.2 haikutoka kwenye mashine kama yangu. Ilitoka kwenye ile orodha.

Nilikaa na vipeo hivyo viwili usiku mzima kama mtu aliyepewa kitendawili. Ukiongeza upana maradufu, nguvu inapanda kwa kama asilimia 38. Ukiongeza kimo maradufu, inashuka kwa asilimia 37. Sasa ongeza vyote viwili maradufu, umbo libaki lile lile ila kubwa: nguvu inashuka kwa asilimia 13. Hakuna aliyewaambia kwamba kitu kikikua hudhoofika. Nguzo zilizoanguka ndizo zilizowaambia.

## Nusu mita tu

Acha nikufanyie hesabu moja, maana bila kuifanya kwa mkono mimi nisingeielewa.

Tuko mita 100 chini. Kila mita 100 za mwamba hukandamiza kwa kama megapaskali 2.5. Nguzo ni mraba wa mita 12, njia zina upana wa mita 6, kimo mita 3. Nguzo haibebi mwamba wa juu yake peke yake. Inabeba pia fungu lake la mwamba ulio juu ya njia, yaani mraba wa mita 18. Gawanya 18 kwa 12, uzidishe jibu kwa lenyewe, kisha uzidishe kwa 2.5: mzigo ni megapaskali 5.6. Nguvu ya nguzo kwa ile kanuni ni 10.9. Gawanya nguvu kwa mzigo: uwiano ni 1.94.

Salamon na Munro walipendekeza 1.6. Hata hiyo haikushuka kutoka mbinguni: nusu ya maeneo yaliyosimama ilikuwa imejazana kati ya 1.3 na 1.9, nao wakashika katikati.

Basi tuna 1.94. Tuna akiba. Meneja anaiona akiba hiyo kama unavyoona salio kwenye M-Pesa.

Kata mita 1.5 za dari. Kimo sasa ni 4.5. Uwiano: 1.49.

Chonga nusu mita kila upande wa nguzo, upana ubaki 11. Ramani ya mgodi ikichorwa upya hutaona tofauti kwa jicho. Uwiano: 1.20.

Chonga nusu mita nyingine kila upande. Upana 10. Nguzo imekuwa dhaifu, na fungu la mzigo kwa kila eneo limeongezeka, vyote kwa pamoja. Uwiano: 0.95.

Chini ya moja, mzigo umeipita nguvu.

## Zimesimama, hadi leo

Wiki ya nne nikaanza kuishuku hata ile orodha niliyokuwa nimeipenda.

Zile 27 hazina ubishi. Jambo likishaanguka limeanguka. Lakini zile 98? Neno lililopaswa kuandikwa pale ni "zimesimama hadi leo". Nguzo ya makaa humeguka kingo mwaka hadi mwaka, upepo wa mgodini ukiikausha, unyevu ukiilainisha. Eneo lililohesabiwa upande wa salama mwaka 1967 lina uhuru wote wa kuhamia upande wa pili muda wowote, bila kumwarifu mwanatakwimu.

Tena orodha ilijumlisha makaa ya nchi nzima kana kwamba ni mamoja. Baadaye ilionekana kwamba ya bonde la Vaal ni dhaifu kuliko mengine, na nguzo zilizochongwa kwa kanuni ile ile zilikuwa zikianguka huko. Coalbrook yenyewe iko upande huo huo.

Na usidhani kompyuta imemaliza kazi. Mgodi wa makaa wa Crandall Canyon, Utah, Marekani, tarehe 6 Agosti 2007: walikuwa na programu, walikuwa na washauri, walikuwa na michoro ya rangi. Nguzo zililipuka kwa mgandamizo, wachimbaji sita wakafukiwa. Siku kumi baadaye waokoaji watatu wakafa wakijaribu kuwafikia. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliikosoa vikali hesabu iliyofanywa kabla; nguzo zilikuwa zimepewa nguvu zisizokuwa nazo.

Hata hivyo sikuweza kuitupa ile orodha. Nilijaribu. Kila mara nilirudi kwenye jambo moja: kuna watu walikwenda mahali palipoporomoka, wakiwa na tepu, wakauliza nguzo iliyokuwa hapa ilikuwa na upana gani.

## Kifusi kiliondoka Alhamisi

Miaka michache iliyopita jengo moja liliporomoka mtaa wa pili kutoka nilikokuwa nikiishi. Sitataja mtaa wala mwenye jengo. Liliporomoka Jumatatu usiku. Jumanne tulikuwa na wanajeshi, Msalaba Mwekundu, kamera, na mama mmoja aliyekuwa akiita jina moja tu bila kupumzika. Jumatano wanasiasa. Alhamisi matingatinga yalikuwa yakipakia kifusi kwenye malori, na Jumamosi watoto walikuwa wakicheza mpira pale.

Nilipita Alhamisi hiyo nikitoka kazini. Kando ya barabara kulikuwa na kipande cha nguzo, urefu kama wa mkono wangu, chuma kikichomoza kama mifupa ya samaki. Nikainama nikakikwaruza kwa ufunguo. Zege lilitoka kama sukari guru.

Mimi ni fundi wa maabara. Kupima zege ndiyo kazi inayonilisha. Mkobani nilikuwa na tepu.

Sikupima.

Nilisimama labda dakika mbili. Kijana wa tingatinga akapiga honi, nikasogea, kipande kikachotwa pamoja na godoro na sufuria. Nikaenda nyumbani nikapika ugali. Sikuona kwamba nimekosa kufanya kitu chochote, na mpaka wiki tano zilizopita nilikuwa sijaona.

Tumekuwa na majengo mangapi yaliyoanguka Nairobi? Lile la mtaa wa Huruma mwaka 2016 peke yake lilituachia zaidi ya maiti 40. Mimi nina makabati matatu ya ripoti za kyubu zilizopita. Sina hata ukurasa mmoja wenye upana wa nguzo iliyoanguka. Maabara yangu ina hesabu ya vijiwe tu. Hatuna 98 zetu, wala hizo 27, na si kwa sababu hazijaanguka.

## Daftari

Jumamosi iliyopita nilimpigia mzee simu, nikamwomba ruhusa ya kwenda Kayole. Akadhani kyubu yake imefeli kwa kuchelewa. Nikamwambia hapana, nataka kuziona nguzo.

Jengo lina ghorofa tatu, ya nne inafungwa mbao. Nilikuwa na tepu, tochi na daftari la mistari la kurasa 96. Nilianza na nguzo ya pembeni karibu na ngazi. Milimita 200 kwa 195. Kimo mita 2.85. Umbali hadi nguzo ya jirani mita 3.6 upande mmoja, 3.1 upande wa pili. Karibu na sakafu zege lilikuwa na vishimo kama sega la nyuki, mahali ambapo halikushindiliwa; nikaingiza kalamu, ikaingia sentimita mbili.

Nikamwonyesha. Akapiga magoti, akaingiza kidole chake mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akamwita msimamizi wa mjengo, wakazungumza Kikamba kwa sauti ya chini, na yule msimamizi akawaita vijana waliokuwa juu washuke.

Nilipima nguzo 14. Mzee alishika ncha ya tepu zote 14, koti lake likijaa vumbi. Kila nguzo ilikuwa na mstari wake: upana, kimo, ghorofa zilizo juu yake, hali ya zege.

Mwisho wa kila mstari niliandika neno moja: imesimama.

Mzee akavaa miwani yake, akasoma ukurasa kutoka juu hadi chini kwa kidole, akafika mwisho, akanirudishia daftari.

"Andika na tarehe," akasema.